Betri inakufa tangu nifunge redio mpya kwenye Carina, ninunue betri kubwa?

"Habari fundi. Nina Carina TI ya mwaka 1998, ndio gari yangu ya kwanza na naipenda. Mwezi uliopita niling'oa redio yake ya kaseti nikafungiwa redio ya Android ya inchi 7 na spika nne mpya. Tangu hapo nina mambo matatu. Moja, nikiipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haiwaki, betri imekufa kabisa, na betri ni NS60 haina hata mwaka. Mbili, FM inashika stesheni mbili tatu tu na zenyewe zinatokea kwenye namba ambazo sio zake. Tatu, kuna mluzi kwenye spika, nikikanyaga mafuta unapanda. Aliyenifungia anasema betri na alteneta ni ndogo, niweke N70 na alteneta ya gari kubwa, hasa kwa vile nataka kuongeza amplifaya ya wati 3000 na sub (spika ya besi) ya inchi 12 ambazo nishanunua zipo ndani. Kabla sijatoa hela nyingine naomba ushauri wako. Na je gari ya zamani hivi inabeba muziki kweli, au niuze hivi vitu nibaki na redio tu?"

Ndugu yangu, kwanza usinunue betri na usinunue alteneta. Weka hiyo hela pembeni kwanza tuongee. Maelezo yako mwenyewe yanatosha kuonyesha tatizo liko wapi: mambo yote matatu yameanza siku ile ile redio ilipofungwa. Betri haijapungua ukubwa siku hiyo, alteneta nayo haijapungua, kilichobadilika ni waya nyuma ya dashibodi. Na gari yako inabeba muziki vizuri tu, Carina za miaka hiyo zina milango mizuri na buti kubwa, ila muziki kwenye gari ya zamani unaanzia kwenye waya, spika zinakuja baadaye.

Tuanze na betri maana ndiyo inayokunyima usingizi. NS60 ni betri ya ampea-saa 45 hivi. Gari yoyote ikizimwa bado kuna vitu vinakunywa umeme kidogo, saa ya kwenye dashibodi, kumbukumbu ya redio, alamu kama unayo, na kwa gari ya umri huo jumla yake kwa kawaida haitakiwi kuzidi ampea 0.05. Kwa kiwango hicho gari inakaa wiki mbili tatu na inawaka bila shida. Sasa chukua kitu kinachokunywa nusu ampea tu, ambayo ni ndogo sana huwezi hata kuisikia joto kwa mkono, toka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama masaa 60, nusu ampea mara 60 ni ampea-saa 30. Umebakiwa na 15 kati ya 45, na kwa hali hiyo stata haizunguki. Unaona inavyolingana na unachoniambia? Ukiweka N70 badala yake utachofanya ni kuhamisha tatizo toka Jumatatu kwenda Jumanne au Jumatano, ni sawa na kununua simtanki kubwa zaidi wakati bomba chini linavuja. Tena betri inayokufa mpaka mwisho mara kwa mara inaharibika kweli, hizi za kawaida za kuwashia gari hazijatengenezwa kumalizwa namna hiyo, kwa hiyo ukiendelea hivi hata hiyo N70 mpya utaiua.

Nusu ampea inatoka wapi? Hapa ndio kwenye kiini. Redio yoyote ya kununua dukani ina waya mbili za umeme. Ya njano inataka umeme wa kudumu moja kwa moja toka betri, hii inatunza saa, stesheni na mipangilio. Nyekundu inataka umeme unaokuja tu ukizungusha ufunguo kwenye ACC, ile hatua ya ufunguo inayowasha redio kabla ya injini, hii ndio inaiambia redio amka au lala. Mafundi wengi wakikosa waya ya ACC haraka haraka, au wakichoka kuitafuta, wanazisokota njano na nyekundu pamoja wanazipa umeme wa kudumu na wanakwambia uwe unaizima redio kwa kitufe. Redio ya kaseti ya zamani ungeweza kuizima hivyo ikakusamehe, ila redio ya Android ndani yake ni kompyuta, ukiizima kwa kitufe wakati waya nyekundu bado ina umeme kioo kinazima lakini ubongo uko macho. Hapo ndio nusu ampea yako inapoenda, wakati mwingine hata zaidi ya hiyo.

Na kuna mtego mkubwa wa rangi kwenye Toyota ambao naomba uuelewe vizuri, maana ndio unaounguza redio nyingi mpya. Rangi za waya za redio ya dukani na rangi za waya za Toyota yenyewe haziongei lugha moja. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo nyuma ya redio kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na moja ya pini 6. Umeme wa kudumu unapita kwenye waya ya bluu yenye mstari wa njano, ACC ni ya kijivu, ethi (waya ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) ni ya kahawia, taa za usiku za dashibodi ni kijani. Spika za mbele kushoto ni pinki na zambarau, mbele kulia ni kijani mpauko na bluu. Kwenye soketi ya pini 6 spika ya nyuma kulia ni nyekundu na nyeupe, ya nyuma kushoto ni nyeusi na njano. Sasa angalia: kwenye redio ya dukani nyekundu ni ACC, kwenye Toyota nyekundu ni spika. Kwenye redio nyeusi ni ethi, kwenye Toyota nyeusi ni spika. Kwenye redio kijivu ni spika ya mbele kulia, kwenye Toyota kijivu ndio ACC yenyewe yenye volti 12! Fundi akiunga rangi kwa rangi, kijivu kwa kijivu, anapeleka volti 12 ndani ya sehemu ya redio inayosukuma spika na hapo redio inakufa kabla hata hujasikia wimbo mmoja. Ya kwako haijafa kwa hiyo hakufanya hivyo, lakini kama gari imepita kwa wamiliki wengi inawezekana kabisa waya zimeshakatwa na kuungwa upya huko nyuma, kwa hiyo hata hizi rangi nilizokutajia uzichukulie kama ramani ya kuanzia, kila waya ipimwe kwa mita ya umeme kabla ya kuungwa.

Dawa ya mtego huu ni rahisi sana. Inauzwa soketi ya Toyota, upande mmoja ina plagi ya pini 10 na 6 zinazoingia kwenye waya za gari bila kukata kitu, upande mwingine unaunga na waya za redio. Kariakoo zipo tele na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na redio. Kama soketi ya gari haijakatwa, itumie hiyo. Kama imekatwa basi waya ziungwe kwa kulehemu na risasi halafu zivalishwe mpira ule unaosinyaa kwa joto, au kwa viungio vya kubana kwa plaizi. Kusokota na solotepu usikubali. Joto la dashibodi iliyopaki juani linayeyusha gundi ya solotepu, baada ya miezi kadhaa waya zinabaki uchi zinagusana na vyuma vya dashibodi.

Sasa pima, usiamini maneno yangu wala ya fundi wako. Tafuta mita ya kawaida ya digitali, hata ile ya bei ya chini inatosha. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, boneti iwe wazi. Mita iweke kwenye ampea 10 DC na waya nyekundu ya mita uihamishie kwenye tundu la 10A. Fungua terminali ya hasi ya betri, halafu mita ikae katikati, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye kebo uliyoitoa, yaani umeme wote unaotoka unapita ndani ya mita. Usijaribu kuwasha gari wala kuzungusha ufunguo mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi yake. Subiri dakika kumi hivi vitu vilale, kisha soma. Ukiona 0.03 au 0.05 gari haina kosa. Ukiona 0.3, 0.5 au zaidi, chomoa fyuzi ya ile waya ya njano ya redio (mara nyingi iko nyuma ya redio yenyewe) uangalie namba. Ikishuka ghafla, mwizi wako ni redio na hakuna cha kujadili tena kuhusu N70. Kama redio ni ngumu kuifikia, kwenye Toyota nyingi za wakati huo umeme wa kudumu wa redio unapita fyuzi iliyoandikwa DOME, na ACC inapita fyuzi iliyoandikwa CIG au CIG/RAD, unaweza kuanzia hapo, ila kumbuka hiyo DOME ina taa ya ndani na saa pia.

Redio ikishafungwa sawasawa, njano kwa umeme wa kudumu na nyekundu kwa ACC, ingia pia kwenye mipangilio yake. Redio nyingi za Android zina sehemu ya kuchagua ikae usingizini muda gani kabla ya kuzima kabisa, zimewekewa hivyo ili ziwake haraka ukirudi. Gari ya kutembea kila siku unaweza kuiacha, ila wewe unayepaki siku mbili tatu iweke izime kabisa. Itachukua kama nusu dakika kuwaka, vumilia.

Tuje kwenye FM, na hili nadhani nimeshaliona jibu hata kabla ya kufungua dashibodi yako. Gari yako imetoka Japani, na redio za Japani za miaka hiyo zilikuwa zinashika FM toka 76 mpaka 90. Sisi huku stesheni zetu zipo toka 87.5 mpaka 108. Ndio maana gari zikifika zinafungwa kile kiboksi kidogo kwenye waya ya antena, ekspanda, kazi yake ni kuzishusha stesheni zetu ziangukie kwenye masafa ambayo redio ya Kijapani inayaona. Redio yako mpya haihitaji hicho kiboksi kabisa, inashika mpaka 108 yenyewe, ila nina wasiwasi mkubwa kwamba ekspanda imeachwa kwenye waya. Zipo za viwango mbalimbali, tuseme yako inashusha kwa 14: stesheni ya 104 itakutokea kwenye 90, na stesheni zote zilizo chini ya 101.5 zinaanguka chini ya 87.5 ambako redio mpya haifiki, zinapotea. Stesheni chache kwenye namba ambazo sio zake, ndio hadithi yako neno kwa neno. Fuata waya ya antena nyuma ya redio, utakutana na kiboksi kina waya yake ya umeme imeungwa kwenye ACC. Kitoe, ile waya yake ya umeme izibwe vizuri, antena iingie moja kwa moja kwenye redio.

Kama ukikitoa na bado FM ni dhaifu, angalia mambo mawili. Kwenye mipangilio ya redio kuna eneo, kama imewekwa Japani au Marekani ibadilishe iwe Ulaya, maana ile ya Marekani inaruka hatua kubwa na kukosa stesheni zinazoishia na namba shufwa. La pili, kama antena ya gari yako ni zile nyuzi za kwenye kioo, huwa zina kibusta chake kinachohitaji volti 12 toka kwenye redio, na kama ni ya kupanda kwa mota nayo hivyo hivyo. Waya ya bluu ya redio mpya ndio kazi yake hiyo, na ndio waya inayosahauliwa kuliko zote.

Mluzi sasa. Alteneta inazalisha umeme wa mawimbi kisha daiodi zake zinaunyoosha, ila haunyooki kabisa, kunabaki mikunjo midogo inayoenda na mzunguko wa injini. Injini ikipanda mikunjo inaongeza kasi, ndio maana mluzi unapanda na mguu wako. Mikunjo hiyo ipo kwenye kila gari, kinachotakiwa ni isipate njia ya kuingia kwenye sauti, na njia yake kuu ni ethi mbaya. Kama ethi ya redio imeungwa kwenye skrubu ya bracketi iliyopakwa rangi, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, unapita kwenye ganda la waya ya antena, au kwenye waya ya kamera, na huko unabeba mluzi.

Kuujua ni kazi ya robo saa. Washa gari, cheza wimbo kwa Bluetooth, sauti chini kiasi usikie mluzi. Chomoa plagi ya antena: mluzi ukikata, ethi ya redio ni mbovu na antena ndio ilikuwa inaibeba. Kama una kamera ya nyuma chomoa waya yake ya video uone. Kama mluzi unasikika tu ukichomeka simu kwenye AUX huku inachaji kwenye gari, basi tatizo ni chaja na simu, wala sio redio. Halafu chukua waya nzito ya muda toka waya nyeusi ya redio mpaka kwenye chuma kitupu cha bodi, kile ulichokikwangua rangi mpaka kinang'aa. Mluzi ukiondoka hiyo ndio dawa, fanya iwe ya kudumu. Ukibaki vile vile kwa majaribio yote, weka mita kwenye AC volti (umeme wa mawimbi) uguse nguzo za betri gari ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, ukisoma zaidi ya nusu volti daiodi za alteneta zina shaka na hapo sasa alteneta ina kesi ya kujibu, lakini ni kutengeneza, sio kuweka ya gari kubwa. Usikimbilie kununua vile vichujio vya mluzi vya kuunga kwenye waya, vinaficha ugonjwa na vingine vinakula besi.

Wakati mita iko mkononi pima na chaji. Gari imezimwa usiku mzima, betri nzima inasoma 12.6, ikiwa 12.2 iko nusu. Injini ikiunguruma unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ukiyapata haya, alteneta yako inachaji vizuri.

Sasa hiyo amplifaya ya wati 3000. Sitaki kukukatisha tamaa ila ukweli lazima usemwe, hiyo namba imeandikwa kwenye boksi ili uinunue. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu kuliko umeme unaoingia, na umeme unaoingia unapimwa na fyuzi zake. Igeuze uangalie ubavuni. Tuseme ina fyuzi mbili za 30, jumla 60. Ampea 60 mara volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia, na hapo fyuzi ziko ukingoni mwa kukatika. Kama ni ya daraja D inageuza kama robo tatu mpaka asilimia 80 ya hiyo kuwa muziki, kama ni ya daraja AB ni kama nusu tu na kinachobaki ni joto. Kwa hiyo unazungumzia wati 400 mpaka 650 za kweli, na niamini hizo ni nyingi sana ndani ya Carina. Wati 3000 za kweli zingetaka ampea zaidi ya 250, na alteneta za injini kama yako nyingi ni za 70 mpaka 80, imeandikwa kwenye kibandiko chake. Usiku, taa zimewaka, AC inapuliza, pampu ya mafuta inafanya kazi, gari yenyewe inaweza kula 30 mpaka 40. Kinachobaki kinatosha amplifaya ya wati 300 mpaka 400 za kweli ukisikiliza kistaarabu, kwa sababu muziki haupigi besi muda wote, unapiga na kupumzika. Ukikaa kwenye foleni gari iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, alteneta inatoa pungufu zaidi, hapo punguza sauti.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni funga, ila funga kwa mpangilio huu. Kebo kuu itoke kwenye betri yenyewe, usiibe umeme kwenye fyuzi boksi. Iwe ya geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya), ya shaba halisi. Madukani kuna kebo nene zinazong'aa ndani kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene ule ule. Kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani umeshajua. Kama hiyo ndio iliyopo, panda geji moja nene zaidi.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Hapa naomba unisikilize sana. Fyuzi ya kwenye amplifaya inailinda amplifaya, hailindi kebo. Kebo yako inatoka kwenye boneti, inapenya ukuta wa chuma, inapita chini ya kapeti mpaka buti, ni kama mita tano za waya nzito. Siku ikichubuka pale inapopenya chuma ikagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea humo na kama hakuna fyuzi mwanzoni, kebo yote inawaka kama waya wa hita chini ya miguu yako, na gari imeungua. Kwa hiyo fyuzi karibu na betri, na pale inapopenya ukutani kuwe na mpira, tumia tundu ambalo lina mpira tayari kuliko kutoboa jipya. Ukimkuta fundi anakwambia fyuzi ya mbele sio lazima, chukua funguo zako ondoka.

Ethi ya amplifaya iwe fupi, chini ya nusu mita, unene sawa na kebo kuu, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, boliti ya kukaza kabisa. Boliti ya mkanda wa usalama usiiguse. Waya za sauti zipite upande mwingine wa gari tofauti na kebo ya umeme, zikienda bega kwa bega mluzi unarudi. Na waya ya rimoti ya amplifaya, ile inayoiambia iwake au izime, iungwe kwenye ile ya bluu yenye mstari mweupe ya redio. Wengine wanaichomeka kwenye umeme wa kudumu, amplifaya inakesha na wewe utanirudia na swali lile lile la betri.

Sub ya inchi 12 kwenye wati hizo inatosha sana, iweke kwenye boksi lililofungwa, lisilo na tundu. Boksi la tundu linapiga kelele zaidi lakini linataka hesabu za ujazo na urefu wa bomba kulingana na sub yenyewe, na mafundi seremala wengi wanatengeneza kwa macho. Angalia pia omu, yaani ukinzani wa sub. Kama sub ina koili mbili za omu 4, zikiungwa sambamba inakuwa omu 2, hakikisha amplifaya yako imeandikwa inabeba omu 2 kwa namna utakavyoiunga, la sivyo itachemka na kuzima.

Ila kabla ya sub, kuna kitu cha hela ndogo ambacho watu wanakiruka na mimi nakipenda kuliko vyote, milango. Spika ya mlangoni inasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja, na hewa ya nyuma ikikutana na ya mbele besi inajifuta. Fungua bodi ya mlango wako utaona chuma kina matundu makubwa yamezibwa na nailoni tu, pengine imeshachanika kwa umri. Spika nzuri pale inasikika kama redio ya mkulima. Ziba yale matundu kwa zile karatasi za lami zenye foili, bandika kipande pia kwenye bati la nje nyuma ya spika, spika ikae kwenye ringi ya mbao au plastiki iliyokazwa bila mwanya. Acha wazi matundu madogo ya chini ya mlango ya kutolea maji, ukiyaziba mlango utaoza. Hakikisha na chanya na hasi za spika zote ziko sawa, moja ikiwa kinyume besi inapotea katikati ya gari. Chukua betri ndogo ya volti 1.5 ugusishe kwenye waya sekunde moja, chanya kwa chanya spika inaruka kwenda nje, ikirudi ndani iko kinyume. Fanya hivyo waya zikiwa zimetolewa kwenye redio. Na hasi za spika usiziunge kwenye bodi ya gari wala kuzikutanisha pamoja kama zilivyokuwa kwenye baadhi ya gari za zamani, redio za sasa hasi ya spika nayo ina umeme.

Redio yako imeandikwa 50 mara 4 pengine, ukweli ni kama 15 mpaka 20 kwa kila spika, na kwenye milango iliyozibwa hizo zinatosha kabisa kuongea na abiria akachoka. Kuna watu nimewafungia mpaka hapo wakaghairi sub.

Ukifika kwenye amplifaya, kile kitufe cha gain sio sauti. Kinalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Kiweke chini kabisa, pandisha redio mpaka robo tatu ukizima besi zote za ziada, halafu pandisha gain taratibu mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo, basi usiiguse tena. Spika nyingi zinazoungua mtaani zinaungua na amplifaya ndogo iliyopandishwa gain mpaka mwisho, mawimbi yakikatwa vichwa koili inapata joto bila kupumua.

Kama ingekuwa gari yangu ningefanya redio na antena wiki hii, milango mwezi ujao, kisha nisikilize wiki kadhaa. Nikiona bado nataka besi ndio nifunge amplifaya uliyonayo kwa kebo nzuri, na hapo ningeongeza na kebo mbili nene pale mbele, moja toka alteneta kwenda chanya ya betri nayo ikiwa na fyuzi yake, nyingine toka hasi ya betri kwenda bodi, maana ethi za gari ya miaka 25 na zaidi zimekula kutu. Siku NS60 ikichoka kwa umri wake, sawa, weka kubwa kiasi inayoingia kwenye trei. Alteneta kubwa ni ya mtu anayekwenda kwenye mashindano.

Mengi ya hapo unaweza kufanya mwenyewe au kumsimamia fundi ukiwa umekaa pembeni. Lakini kuna mahali usimame hapo hapo umpelekee fundi umeme wa magari mwenye mita mkononi, asiyetumia taa ya testa peke yake: ukisikia harufu ya plastiki inaungua, ukigusa waya ukaikuta ya moto, fyuzi inakatika kila ukiibadilisha (usiweke kubwa zaidi, na usiweke waya badala yake), chaji ikisoma chini ya 13.2 au juu ya 15 injini ikiunguruma, au ukikuta umeme unapotea hata fyuzi zote za redio zikiwa zimechomolewa. Na kama Carina yako ina eabegi, plagi na waya zote za njano utakazozikuta kwenye dashibodi na usukani usizipime, usizichomoe, usizitumie hata kwa ethi. Kabla ya kufungua dashibodi toa terminali ya hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90, ndivyo Toyota wenyewe wanavyoelekeza, ndio uanze kufungua skrubu.

Ukishapima ule umeme unaopotea niandikie namba uliyoipata, kabla na baada ya kuchomoa fyuzi ya redio, na picha ya ubavu wa amplifaya pale penye fyuzi. Nitakwambia saizi ya kebo ya kununua.